Jina la Sita

Msomaji, tulimwacha Mariat Nambozo amesimama katika chumba cha usaili cha Kampuni ya Mawimbi, mjini Jinja, kipaza sauti mkononi na karatasi mbele yake. Alikuwa ameshinda mtihani wa kuandika kule Mbale. Alikuwa ametengeneza redio mbovu mbele ya mafundi wawili kabla robo saa haijaisha. Sasa lililobaki lilikuwa sauti. Na sauti yake ndiyo kitu alichokificha miaka mitatu.

Waliomwambia asome walikuwa watatu. Mama Topista, ofisa wa ajira. Odero, fundi mkuu kutoka Kisumu. Na mkuu wa mitambo, ambaye watu wote walimwita Injinia Semei tu, mtu mwembamba aliyeinamia mafaili yake tangu asubuhi.

Mariat akasoma.

Karatasi haikuwa na jambo la kutisha. Yalikuwa majina ya mabohari ya kahawa yaliyongoja kufungiwa redio za upepo, zisizohitaji waya, maana tangu vita vya mwaka uliotangulia, vilivyoiangusha serikali ya kijeshi, nyaya za simu kati ya Jinja na Mbale zilikuwa zimeibwa, na nguzo zake nyingi zimekuwa kuni. Kampuni ilitaka mtu wa kukaa redioni na kuziunganisha tena sehemu hizo.

"Bohari la Busiu. Narudia, Busiu. Bohari la Nakaloke. Narudia, Nakaloke."

Hakuambiwa arudie. Ulimi ulirudia wenyewe, kama mguu unaojua ngazi za nyumbani.

Injinia Semei akaweka kalamu chini. Akageuza kiti, akampa mgongo, akautazama ukuta. Kisha, bila kumtahadharisha, akasema kwa sauti kavu ambayo hakuwa ameitumia siku nzima:

"Kituo cha mashariki, mnanisikia?"

"Nakusikia vizuri, afande. Endelea."

Maneno yalikwisha kutoka. Mariat alisikia mwangwi wake chumbani, akatamani sakafu ifunguke.

Odero akacheka. Alisema aliyemfundisha dada huyu alimfundisha kweli, akauliza alifunzwa wapi. Mariat akajibu kama alivyojaza kwenye fomu: alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha kuchambua pamba Mbale, na meneja wao alipenda watu wamwite afande. Uongo ulitoka laini. Mama Topista aliandika kitu. Injinia Semei hakuuliza swali hata moja. Alisema tu akangoje nje.

Nje, kwenye benchi la barazani, walikuwa wamebaki wawili.

Mmoja alikuwa Otim, kijana wa Lira aliyekuwa karani wa magereza. Shati lake alilipiga pasi ya mkaa alfajiri, huko Kimaka alikofikia kwa mjomba wake, na mikunjo ilikuwa bado imesimama wima. Usaili wake ulichukua dakika tano. Hawakumuuliza habari za mitambo. Walimuuliza alikuwa wapi mwaka wa sabini na saba, na yeye, mtoto wa mlokole, akasema kweli: alikuwa gerezani akiandika majina ya wanaoingia. Mama Topista akafunga faili. Hakuna aliyemwambia aondoke, naye hakujua aende wapi, basi amekaa.

Wa pili alikuwa Proscovia, mwalimu wa hesabu kutoka Busiu. Yeye alikuwa amejifunza kwa makosa ya wenzake. Alisema miaka yote ile mibaya alikuwa Kenya, Bungoma, kwa shangazi. Odero akamuuliza shangazi anakaa upande gani wa reli. Proscovia hajawahi kuvuka mpaka maishani mwake.

"Munange, rafiki yangu, ukisema kweli unatoka, ukisema uongo unatoka," Proscovia alimwambia Mariat, macho yake mekundu. "Sasa wanataka tuwe tulikuwa wapi? Mbinguni?"

Nchi nzima ilikuwa na swali lile lile mwaka ule, nayo ilikuwa imejaa watu waliosema walikuwa kwa shangazi.

Ikapita saa nzima. Aliliona gari la kampuni likitoka getini kwa haraka, dereva peke yake ndani. Hakulitilia maanani. Alikuwa akifikiria kuondoka. Angeweza kusimama, kushuka ngazi zile, kupanda basi na kuingia Nakaloke kabla ya magharibi. Lakini baba yake, Mzee Sulait, alikuwa ameuza cherehani ya pili ili yeye apate mafunzo ya kutengeneza redio, na tangu ianguke serikali iliyopita, iliyohesabiwa kuwa ya Waislamu, hakuna aliyetaka kumwajiri Mwislamu wa Nakaloke bila kwanza kumtazama usoni kwa muda mrefu. Hii ilikuwa kazi ya tisa aliyoomba. Akabaki.

Mama Topista akatokea mlangoni. Alimwambia Injinia anamtaka, peke yake, katika stoo ya mitambo.

Stoo ilikuwa na harufu ya mbao mpya na risasi ya kulehemu. Masanduku ya redio yalipangwa mpaka darini. Injinia Semei alikuwa ameketi juu ya sanduku moja, akamwonyesha jingine. Mlango akaufunga mwenyewe. Mariat alikaa ukingoni, mikono yake ameipakata.

Injinia hakupaza sauti. Alisimulia kama mtu anayesoma ripoti ya hitilafu.

Alisema mwezi wa sita mwaka wa sabini na saba alikuwa Mbale, akitengeneza redio ya bohari moja la kahawa. Alikuwa akizungusha kitufe kutafuta wimbi lake, akateleza, akaingia kwenye wimbi la jeshi. Akamsikia mwanamke akisoma. Msichana, ukitaka. Sauti safi, Kiswahili kimenyooka, kila jina mara mbili. Watu sita wazuiwe kwenye kizuizi cha barabarani pale Busiu. Na mmoja wa wale sita alikuwa ndugu yake mdogo, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amepanda basi Jinja kuja Mbale.

"Nilichukua baiskeli ya mlinzi," alisema. "Sijawahi kuendesha vile. Nilifika Busiu basi limeshapita. Ndugu yangu alikuwa anahama, alikuja na godoro. Nililikuta godoro peke yake kando ya barabara, limekunjwa, limefungwa kamba. Wauza ndizi walisema limekaa pale nusu saa nzima na hakuna aliyethubutu kuligusa. Nililifunga kwenye baiskeli, nikarudi nalo."

Akamtazama Mariat usoni.

"Sauti ile nimeitafuta miaka mitatu. Leo imenisomea mabohari ya kahawa."

Mariat aliikumbuka karatasi ile. Angewezaje kuisahau? Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wanajeshi walikuja nyumbani kumchukua kwa sababu alijua kupiga chapa na alijua Kiswahili, na baba yake alisimama mlangoni akitabasamu kwa hofu, akisema ni heshima. Kambini alikabidhiwa kwa Kapteni Nasur, ambaye hakujua kusoma vizuri lakini alijua kuhesabu. Kila orodha iliposomwa, Nasur alisimama nyuma ya kiti chake na kukunja kidole kimoja kwa kila jina. Vidole visipotimia, angeuliza.

Siku ile majina yalikuwa sita. Aliyasoma matano. Alipofika la sita, herufi zilimchezea machoni. Faruk Sulait, fundi cherehani, Nakaloke. Kaka yake wa tumbo moja. Kosa lake, kuuza kitambaa cha jeshi, jambo ambalo Faruk hakuwahi kulifanya.

Nasur nyuma yake. Kidole cha sita kinangoja.

Mariat akafungua mdomo na jina likatoka. Halikuwa la Faruk. Lilikuwa jina ambalo alilishona papo hapo, nusu kutoka kitabu cha shule, nusu kutoka mlimani, jina aliloamini halina mwenyewe. Akalirudia, kama kanuni ilivyotaka. Busiu wakajibu: majina sita, tumepokea. Jioni ile alimpelekea Faruk neno, na Faruk akavuka kwenda Kenya, asirudi mpaka vita vilipokwisha. Katika yote aliyoyafanya kwenye kiti kile, hilo moja ndilo lililomruhusu kulala. Aliokoa mtu. Naye aliamini kwamba hakumdhuru yeyote, maana upepo haufungwi pingu.

Sasa aliketi juu ya sanduku, akiyahesabu yale majina matano ya kwanza kichwani. Kila moja alilijua. Aliomba, Mungu amsamehe, aliomba ndugu wa mtu huyu awe mmoja wao. Alikuwa anachagua maiti.

"Ulisoma wewe?" Injinia aliuliza.

"Nilisoma."

"Uliandika wewe?"

"Nilipewa karatasi," Mariat alisema. "Kapteni Nasur alikuwa nyuma yangu."

Na hayo yote yalikuwa kweli, msomaji. Kila neno lilikuwa kweli.

Mariat alingoja kofi, au polisi, au kilio. Badala yake yule bwana akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Ngoma haina kosa," alisema. "Kosa la mpigaji. Ulikuwa mtoto. Nilikuwa nimejiapiza nikikupata nitakufanya kitu. Lakini nimekaa hapo chumbani saa nzima nikijiuliza, kama wangekuja kwetu wangemchukua dada yangu, angefanya nini? Angesoma."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa barua ya ajira, imekwisha kupigwa chapa, jina la Mariat Nambozo juu kabisa. Odero alikuwa amesema hajapata mtu kama yeye, na kampuni haiwezi kungoja. Injinia akaiweka juu ya goti, akatia sahihi pale pale, akampa.

Mariat aliipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu vita, aliona mwezi ujao una umbo. Akateremsha macho kwenye sahihi.

S. Gidudu.

Alijisemea kwamba akina Gidudu ni wengi, mlima mzima wamejaa, kila ukoo una wake. Ndivyo alivyojiambia hata siku ile. Ndiyo sababu hasa alilichagua.

"Ndugu yako," aliuliza, "alikuwa anaitwa nani?"

"Eria. Eria Gidudu. Ulimsoma wa mwisho."

Mariat alishika mbao za sanduku. Kwa hiyo upepo ulikuwa na mwili. Upepo ulikuwa na kaka, na godoro, na tiketi ya basi kutoka Jinja.

Injinia hakuona, au aliona akadhani ni huruma. Aliendelea kusema, na sasa maneno yalimtoka kwa kasi, kama bomba lililozibuliwa. Alisema hakuna aliyewahi kuwaeleza Eria alikosa nini. Watu walinong'ona kwamba alikuwa mtu wa magendo. Wengine walisema alikuwa jasusi. Baba yao alikufa akiwa amekataza jina lake lisitajwe mezani. Mke wa Eria alirudishwa kwao na mtoto mgongoni. Mama yao, mpaka leo kule Mbale, huwaambia wageni amezaa mwana mmoja.

"Lakini mimi nilijua lazima kuna mtu aliyelipeleka jina lake," alisema. "Jina haliendi kambini lenyewe. Nikachunguza. Eria alikuwa na rafiki, Mugweri, walifanya biashara ya nyavu pamoja hapa Jinja. Walikuwa wamekosana wiki mbili kabla. Nani mwingine alijua siku atakayosafiri? Mwezi uliopita nilikwenda polisi. Wamemshika. Anaapa hajui kitu, anaapa kwa watoto wake. Wanampiga na bado anaapa. Walikuwa karibu kumwachia kwa kukosa shahidi."

Mariat alimsikiliza kama mtu aliye chini ya maji.

"Wewe ndiye shahidi," Injinia Semei alisema. "Sitaki useme lolote gumu. Sema tu ulichoniambia mimi: kwamba jina la Eria lilikuwa kwenye karatasi ya Nasur, limeandikwa. Basi. Wajue kuna mtu aliyelipeleka. Halafu Jumamosi tutakwenda pamoja kwa mama, umwambie mwanawe alisalitiwa, hakuwa mwizi. Mama atakufa na amani. Unanitendea hilo?"

Unaona, msomaji, alivyokuwa amezingirwa. Hakuombwa uongo mkubwa. Aliombwa arudie kile kile alichokwisha kukisema, narudia, kama kanuni. Barua ilikuwa mkononi mwake. Faruk alikuwa Nakaloke, ana watoto watatu, mdogo wao amezaliwa baada ya yote hayo, na Faruk mwenyewe hakujua hata siku moja kwamba kuna mtu alisimama mahali pake. Na Mugweri alikuwa mtu asiyemjua, hajamwona, hadaiwi naye hata salamu. Hata Eria, Mariat hakuwa amemjua.

Alijaribu kusema ndiyo. Alifungua mdomo kabisa. Neno ndiyo lilikuwa tayari ulimini. Kitu kilichomzuia hakikuwa ushujaa, mimi sitamsifu kwa asichokuwa nacho. Aliona tu kidole kikikunjwa, nyuma ya bega lake, na akajua kwamba akisema ndiyo, jina la pili litakuwa limetoka kinywani mwake.

"Mugweri hakufanya kitu," alisema.

"Unamjua Mugweri?"

"Simjui."

"Basi umejuaje?"

Mariat akasema akiitazama barua.

"Jina la Eria halikuwa kwenye karatasi. Majina matano yalikuwa kwenye karatasi. La sita nililitunga mimi. Nilitafuta jina lisilo na mtu, bwana Injinia. Nilidhani halina mtu."

Injinia Semei hakusogea. Nje ya ukuta mtu alikuwa akipigilia misumari kwenye sanduku, akapiga mitatu, akaacha.

"Hakukosa kitu," Mariat alisema. "Hakuna aliyempeleka. Hakuna aliyemchukia. Kama ulitaka kujua alikosa nini, alikosa hivyo tu. Niliita jina, naye alikuwa njiani."

Miaka mitatu mtu yule alikuwa ametafuta sababu. Alikuwa tayari kwa wivu, kwa deni la kisasi, kwa rafiki aliyemgeuka. Kwa hili hakuwa tayari. Uso wake ulifunguka na kubaki hivyo, kama nyumba iliyong'olewa mlango. Mikono ikapapasa mapajani, ikitafuta kitu cha kushika, isipate.

Mariat alimwekea barua juu ya sanduku. Injinia hakuichukua wala hakuitazama.

Kisha akili yake ya fundi, iliyozoea kufuata waya mpaka mwisho wake, ikaanza kufanya kazi. Mariat aliiona ikifanya kazi. Aliona macho yake yakifinyika, yakikaza.

"Majina matano," alisema polepole. "Lakini ulisoma sita. Basi Nasur alitaka sita."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo la sita lilikuwepo. Aliandikwa mtu, wewe ukamwondoa." Aliinama mbele mpaka Mariat akasikia pumzi yake. "Ulimweka ndugu yangu badala ya nani?"

Mariat alilifunga jina la kaka yake nyuma ya meno.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa bila kungojewa. Alikuwa Mama Topista, na nyuma yake askari polisi wawili. Alisema dereva amerudi kutoka kituoni kama Injinia alivyomtuma, na maofisa wanauliza kama shahidi yuko tayari kutia saini. Katikati ya askari hao alisimama mwanamume aliyefungwa pingu, jicho moja limeziba kwa uvimbe. Hakuhitaji kutajwa jina. Jicho lake zima lilimpita Injinia, likampata Mariat, likabaki hapo, likimwomba mtu ambaye hakumjua.

Injinia Semei hakugeuka kuwatazama.

"Badala ya nani?" aliuliza tena.